Katazo la Moshi katika Hoteli ya Mama Zuhura

Vijana mnaoingia kazini sasa mmekuta kila kitu kimeshaandikwa. Mnafungua simu, mnasoma kifungu, mnamwonyesha mwenye hoteli, mnaondoka. Nawaonea wivu kidogo, na kidogo nawahurumia. Juzi mmoja wenu, yuko mafunzoni hapa hapa Newala, aliniuliza, "Mzee, hivi enzi zenu kumkataza mtu kuvuta sigara hotelini ilikuwa kazi ngumu?" Nimestaafu, muda wa kufikiri ninao, na jibu bado sina. Basi nawaandikia nyote. Msitegemee mafundisho. Nitawaeleza niliyoyaona, na atakayeelewa kuliko mimi aje aniambie.

Nilifika Newala kuanza kazi ya bwana afya, na digrii yangu ya chuo kikuu, katika ile miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Korosho iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa mtu yeyote mwenye gari na mizani alipanda mlimani kwetu kuitafuta. Maduka yalijaa vitu ambavyo wazazi wetu walivipangia foleni, na mtu aliyekuwa akinunua sigara mojamoja akaanza kutembea na pakiti mfuko wa shati, juu kabisa, ionekane.

Mimi chuo kilikuwa kimenifundisha jambo moja tu kwa ukamilifu: kuuliza "umejuaje?" Nilimwuliza kila mtu. Nilimwuliza mganga wa wilaya, nilimwuliza padri, nilimwuliza mwenye bucha aliyedai ng'ombe wake kachinjwa alfajiri. Watu walinichoka upesi. Mimi mwenyewe nilijichoka, lakini sikuweza kuacha.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Lukas, bwana afya wa zamani, mwembamba, mvutaji mkubwa. Alinipa siku ya kwanza ushauri ambao nawapa na ninyi bila malipo: hoteli usiingie kwa mbele. Mbele kila hoteli ni safi. Anzia uani, tazama beseni la kuoshea vyombo. Mlimani maji yanapanda kutoka bondeni kichwani mwa mtu, kwa hiyo usimgombeze mama kwa kutumia maji yale yale asubuhi nzima. Muulize beseni la kusuuzia liko wapi. Likiwepo, tumbukiza kidole. Kikitoka na mafuta, hapo ndipo uanze kusema.

Ushauri wake wa pili ulinivuruga zaidi. Ilikuwa kwenye choo cha shule moja, choo cha shimo chenye bomba la kutolea hewa. Mzee Lukas akanipa sigara.

"Washa."

"Sivuti, mzee."

"Nani kakwambia uvute? Washa, uiweke karibu na tundu."

Nikawasha. Moshi ukazama shimoni, na baada ya kitambo tukauona ukitoka juu ya bomba. "Choo kizima hicho," akasema. "Siku moshi ukirudi usoni kwako, ujue buibui kaziba bomba. Na nzi hawako mbali." Nilipima vyoo hivyo kwa miaka mingi, na njia ile haikuwahi kunidanganya. Lakini sigara haishiki moto mpaka uivute kidogo. Kila siku ya kazi nilivuta kidogo. Je, mimi nilikuwa mvutaji? Nilimwuliza Mzee Lukas. Akasema, "Wewe ni mgonjwa wa maswali."

Sasa niwapeleke Kitangari.

Mama Zuhura alikuwa na hoteli karibu na soko. Si hoteli ya kulala. Chumba kimoja cha udongo kilichopigwa lipu, madirisha mawili madogo kwa sababu ya upepo wa mlimani, meza mbili ndefu, mabenchi, na jiko la mafiga uani. Chai, maandazi, mihogo ya kuchemsha, na supu siku za soko. Mumewe alikuwa amefariki, na hoteli ile ndiyo iliyomlisha yeye, binti yake Zuhura aliyekuwa akisoma, na mama yake mzazi. Siku niliyokwenda kumkagua nilipitia uani kama nilivyofundishwa, nikamkuta ameshika nguzo, ameinama, anakohoa.

"Shikamoo mama."

"Mara..." Akakohoa tena. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Bwana Afya mpya?"

"Ndiyo mimi."

"Basi nikagulie na kifua."

Akanieleza. Mganga alikuwa amempima akamwambia akae mbali na moshi, la sivyo atafika siku ashindwe kuvuta pumzi. Akiacha hoteli, hana pengine pa kushika. Asipoacha, kifua kitamshinda. Nikamwuliza ni moshi upi.

"Sikumwuliza. Nilijua mwenyewe, ni ule wa wanaume humo ndani."

"Umejuaje kwamba si wa jiko?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini. "Wa jiko nimezaliwa nao, mwanangu. Na nikizima jiko, wewe utakunywa chai ya nani?"

Alichotaka ni kitu kimoja. Niweke mlangoni kibao cha serikali kinachokataza sigara. "Nikikataza mimi, watasema Mama Zuhura mume kafa, sasa anatawala waume za wenzake. Ukikataza wewe, watasema serikali. Serikali imezoea kusemwa."

"Lakini mama, sheria hiyo haipo."

"Si uiandike? Si ndiyo umesomea?"

Bahati ikawa, au nikadhani ni bahati, tukaitwa semina Masasi, mabwana afya na madiwani, tujadili kama halmashauri zitunge sheria ndogo ya kukataza sigara mahali pa watu wengi. Ukumbi ulijaa moshi mpaka mtoa mada akawa anapangusa miwani kila akigeuza ukurasa. Diwani mmoja akasimama. "Ofisini, sawa. Ndani ya basi, sawa. Hoteli ya mtu binafsi? Juzi tu tumetoka kwenye kupangiwa bei ya sukari, leo tuwapangie watu na pumzi?" Akapigiwa makofi, nami nikapiga, maana niliona kasema kweli. Mwingine akauliza, "Na anayepeleka chai mezani, yeye anapumua wapi?" "Aache kazi." "Aende wapi?" Hapo nikapiga makofi pia. Jirani yangu akanitazama vibaya.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: mwenye hoteli akiwa ndiye asiyetaka moshi, lakini anaogopa wateja wake, hapo uhuru wa biashara ni wa nani? Mwenyekiti akatoa sigara mdomoni taratibu. "Bwana mdogo," akasema, "hilo likajibiwe huko huko chuo kikuu." Wakacheka, tukaenda kunywa chai, na kikao hakikuamua lolote.

Nikarudi Kitangari mikono mitupu. Nikamwambia Mama Zuhura hoteli ni yake, akataze mwenyewe. Nililisema ndani ya hoteli, kwa sauti, kosa la mtu mgeni. Jafari akanisikia. Jafari alikuwa mfanyabiashara wa Masasi, kijana mnene mwenye pikapu. Wakati wa mavuno alinunua korosho, na katikati ya mwaka aliwaletea wakulima salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Meza ya dirishani ilikuwa kama ofisi yake.

"Bwana Afya," akasema, "hoteli ni ya Mama Zuhura akiwa amelala. Sisi tukiingia, ni yetu pia. Nani anakunywa hii chai?"

"Moshi unamwumiza."

"Sigara yangu hii moja? Asubuhi ya leo mlima mzima unapuliza salfa. Kunguru wanapiga chafya. Umeikataza?"

"Salfa si unauza wewe?" mkulima mmoja akamwambia.

"Nauza, unapuliza wewe, anapumua yeye. Haya, Bwana Afya, kamata mtu."

Watu walicheka sana. Nakiri, swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyasikia Masasi.

Mama Zuhura hakucheka. Alisimama mlangoni na sinia la vikombe, anatafuta pumzi, kifua kinapiga filimbi. Akasema, "Haya, nitakataza mwenyewe. Bwana Afya ataniandikia ukutani, mwandiko wangu mbaya." Na hapo ndipo tulipokwama kwa Bibi Fatu.

Bibi Fatu ndiye mama yake Mama Zuhura. Kiwanja ni chake. Huku kwetu nyumba inafuata upande wa mama, hilo mnalijua. Kila siku alikaa kwenye benchi la mlangoni, ndonya, kile kijiti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, ungo wa mbaazi mapajani, na alivuta kama wanavyovuta bibi wengi wa zamani: anawasha sigara, anapuliza mara moja, halafu anaigeuza, upande wenye moto anautia kinywani, anafumba midomo. Wasiojua hushtuka. Ukiwauliza bibi wenyewe, watakwambia upepo wa mlimani unamaliza sigara bure, na mtu akilima mikono yote iko kwenye jembe. Ukimwona Bibi Fatu hivyo usingejua anavuta. Ni kijiti cheupe tu kinachochungulia, na moshi mwembamba wa kubahatisha.

"Mama sitamwambia atoke," Mama Zuhura akaninong'oneza. "Nimtoe kwenye kiwanja chake?"

"Lakini wateja watasema mbona bibi anavuta."

"Ndiyo maana nimekuita wewe msomi."

Nikafikiri. Nikaona nimepata. Nikaandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa: HUMU NDANI HATUTOI MOSHI. Bibi hatoi moshi, au hatoi wa kuonekana, basi hajavunja kitu. Nilijisifu njia nzima kurudi Newala.

Niliporudi baada ya siku chache nilikuta hoteli imejaa na kimya. Kimya! Hotelini, siku ya soko! Wanaume wamekaa mstari mzima, mashavu yamebonyea, macho yanatoka machozi, na kila mmoja kijiti cheupe kinachungulia mdomoni. Jafari alikuwa katikati yao, jasho linamtiririka. Bibi Fatu alikuwa amesimama mbele yao kama mwalimu.

"Ulimi uweke chini, weee! Chini! Jafari, ntu mzima unalia?"

"Mmmh," Jafari akasema.

"Usimeze mate yote. Nnungu wangu, huyu ataungua. Ntoto wa serikali, njoo uone wanafunzi wangu."

Jafari alitema, akashika ulimi. "Bwana Afya," akasema kwa shida, "umeona moshi humu?"

Sikuuona. Nilikagua katazo langu neno kwa neno, hakuna aliyelivunja. Na hasara ikamwangukia nani? Mwenye hoteli. Watu walioungua ndimi hawanywi chai ya moto. Waliagiza uji uliopoa, wakakaa nao muda mrefu, na chai ya Mama Zuhura ikachemka mpaka ikawa nyeusi kama wino. Alinitazama kupitia mlangoni. Akarudi jikoni kuchochea.

Nilikuwa bado nimesimama pale ndani, nabishana na Jafari maana ya "kutoa", tuliposikia sufuria imeanguka uani.

Tulimkuta Mama Zuhura amekaa chini, mgongo umeegemea gunia la mkaa, mikono miwili kwenye magoti, mdomo wazi, na hewa haiingii. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kuni za siku ile zilikuwa mbichi, jiko linafuka. Nyuma ya ua, jirani alikuwa anapuliza mikorosho kwa mashine, unga wa njano unapita juu ya makuti. Na kutoka ndani wanaume walikuwa wanakimbilia uani wakitoa pamoja moshi wote waliokuwa wameubana. Niliuona ukitoka nao mlangoni.

Jafari ndiye aliyembeba, peke yake. "Mbele! Mbele!" akapiga kelele watu walipoanza kumpandisha nyuma ya pikapu. "Nyuma kuna salfa!" Tukabanana mbele, yeye kwenye usukani, Mama Zuhura katikati, mimi nimemshikilia, Bibi Fatu juu ya mapaja yangu na ungo wake. Vioo tulishusha, vumbi la barabara likaingia, tukapandisha, joto likawa la kufa, tukashusha. Hata hilo hatukujua lipi ni afadhali.

Hospitali walimpa hewa na sindano, na kifua kikaanza kufunguka. Tulikaa nje kwenye sementi. Jafari alitoa pakiti mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Bwana Afya. Angekufa, ningekuwa nimemuua kwa sigara au kwa salfa?"

"Sijui."

"Au ni jiko lake?"

"Sijui, Jafari."

"Sasa chuo kikuu ulikwenda kufanya nini?"

Hakusema kwa dhihaka. Alitaka kujua kweli. Bibi Fatu akasema, "Mwache. Hata mimi ni mama yake na sijui." Kisha akauliza kama kuna mtu ana kiberiti, akakumbuka alipo, akashika ungo wake.

Mama Zuhura aliporudi nyumbani hakuomba kibao, hakuomba sheria. Alitafuta vijana wa kazi akawaambia wavunje kuta. Zote. Waache nguzo na paa. Bibi Fatu aligomba, akasema ukuta ule aliukanda yeye kwa miguu yake, mwanawe akamjibu, "Mama, unataka ukuta au unanitaka mimi?" Bibi akachukua ungo wake akahamia kivulini kuwasimamia vijana, maana walikuwa wanavunja ovyo. Katazo langu la mkaa lilianguka pamoja na udongo. Jiko nalo likasogezwa mbali, likawekewa paa lake.

Akapona? Alikohoa kidogo kuliko zamani. Mimi nikataka kujua sababu, kwa hiyo nikahesabu mambo: kuta zimevunjwa, jiko limesogea, msimu wa salfa umeisha, na Jafari siku hizo alikuwa anavutia nje, ingawa hakuna aliyeweza kusema nje inaanzia wapi. Yote yalitokea kwa pamoja. Mzee Lukas akaniambia niandike kuwa katazo limefaulu. Nikamwambia katazo halipo, limevunjwa pamoja na ukuta. Akasema, "Basi andika ukuta umefaulu," akawasha sigara. Na wateja? Wengine walikuja kwa sababu ya hewa, wengine wakahama kwa sababu ya hewa hiyo hiyo. Masika mvua iliingia mezani kwa ubavu. Mama Zuhura alibaki na hoteli, nusu yake.

Miaka ikapita, nchi ikapata sheria ya tumbaku, na ofisini wakatupa vibao vya chuma tuvipigilie katika mahoteli yote. Mnavijua, vile vyenye sigara iliyokatwa mstari mwekundu. Nilianza na Kitangari. Nilifunga kibao kwenye pikipiki, na nyundo, na misumari, nikafika asubuhi, nikapitia uani kwa mazoea ingawa tangu kuta zivunjwe hapakuwa tena na mbele wala uani.

Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti anakunja kanga, Zuhura ndiye sasa anakaanga maandazi. Tukaamkiana. Nikamwonyesha kibao. Alikigeuza, akakisoma mbele na nyuma.

"Sasa ipo?"

"Sasa ipo mama. Sheria ya nchi nzima."

"Haya, bandika."

Nikazunguka na nyundo mkononi. Nguzo zilikuwa nyembamba, kibao kipana. Ukuta hakuna. Wateja wote waliacha kunywa, wananitazama. Jafari alikuwepo, mvi zimemwingia, amekaa mwisho wa benchi, nusu ya mwili iko chini ya paa na nusu iko juani, sigara mkononi.

"Bwana Afya," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona hataki kuchekesha watu, "nifundishe. Hapa nilipo mimi ni ndani au ni nje?"

Nilikuwa nimeisoma sheria. Niliipitisha kichwani, nikatazama kivuli cha paa kilipoishia kwenye suruali yake, nikafungua mdomo.

"Jafari," Mama Zuhura akasema.

"Naam mama."

"Sogea."

"Nisogee kwa sababu ya kibao?"

"Kibao hakijabandikwa. Sogea mpaka nisisikie harufu yako."

Jafari akasimama, akachukua kikombe chake, akaenda hatua chache juani. Upepo ulikuwa unatoka upande ule ule. Niliuona moshi wake ukirudi, ukipita juu ya meza, juu ya maandazi, ukienda moja kwa moja kwa Mama Zuhura. Yeye akajifunika pua na ncha ya kanga, akangoja, akaishusha, akavuta hewa kwa uangalifu kama mtu anayeonja chumvi.

"Bado," akasema.

Jafari akarudi kinyumenyume kuelekea barabarani, kikombe mkono mmoja, sigara mkono mwingine, ananitazama mimi kana kwamba nitamwambia pa kusimama. Nami nilikuwa na kibao kifuani na nyundo mkononi, nikimtazama Mama Zuhura, na yeye alikuwa amefumba macho, anavuta hewa tena.

"Bado," akasema.